Jina Hubadilika, Ofisi Hubaki

Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia





Mada tuliyopewa leo yaweza kuonekana kuwa ya wanasiasa, au ya walimu wa vyuo vikuu: jinsi ofisi za serikali zinavyobadilika na kudumu kizazi hata kizazi. Huenda baadhi yetu tunajiuliza jambo hili lahusianaje na Injili na jumuiya zetu ndogondogo. Tunaomba tuvumiliane. Kabla hatujamaliza tutaona kwamba linagusa maji tunayochota, zahanati tunayowapeleka watoto wetu, na hatimaye dhamiri zetu wenyewe.

Tuanze na mfano wa Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mtu mmoja alikuwa na mtini katika shamba lake. Kwa miaka mitatu alikwenda kutafuta matunda, asipate hata moja. Akaamua ukatwe, kwa sababu ulikuwa ukiitumia ardhi bure. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi. Tutazame mambo mawili katika mfano huo. Kwanza, mwenye shamba hakuuliza mti una umri gani wala una majani mangapi. Aliuliza habari ya matunda. Pili, mtunza shamba hakuomba mti uachwe tu kama ulivyo. Alijitolea jembe na samadi yake.

Maswali hayo mawili, la matunda na la jembe, ndiyo tutakayoyauliza leo juu ya ofisi za umma.

1. Nyumba mbili katika mji mmoja

Tukifika makao makuu ya karibu wilaya yoyote ya Tanzania Bara tutakuta nyumba mbili za utawala. Ya kwanza ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mahali ambapo wazee wetu hadi leo hupaita bomani. Ya pili ni ofisi ya Halmashauri. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Halmashauri ina madiwani waliochaguliwa na wananchi katika kata zao, ingawa mkurugenzi wake naye huteuliwa na Rais. Anayetaka kujua jinsi ofisi zinavyodumu, na asome historia ya nyumba hizi mbili. Moja haikufa kamwe. Nyingine ilikufa, ikafufuliwa.

2. Nyumba ambayo haikufa

Wajerumani walipoitawala nchi yetu walijenga maboma, wakaweka humo mkuu wa wilaya, na chini yake wakawatumia maliwali, maakida na majumbe, mfumo ambao sehemu kubwa waliukuta tayari pwani. Mwaka 1898 wakaanzisha kodi ya nyumba. Ukali wa maakida, kodi na kazi za kulazimishwa vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Vita vile viliutikisa utawala, lakini boma halikuondoka.

Waingereza walipoingia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, bendera ilibadilika na Bwana DC akaketi bomani, mara nyingi katika jengo lilelile. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alileta mtindo wa kutawala kupitia watawala wa jadi. Nao ukawekewa sheria mwaka 1926. Watemi na machifu wakakusanya kodi na kuamua mashauri, huku boma likiwasimamia kwa juu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, wengi walidhani boma limekwisha. Halikwisha. Mwaka 1962 kiti cha DC wa kizungu kilikaliwa na mwananchi mwenzetu aliyeteuliwa kisiasa, ambaye pia alikuwa katibu wa TANU katika wilaya yake. Kikaja chama kimoja; ofisi ikabaki. Mwaka 1992 vikarudi vyama vingi; ofisi ikabaki. Mwaka 1997 sheria ya tawala za mikoa ilielekeza kwamba kazi ya mkoa na wilaya iwe kuzisaidia na kuzishauri halmashauri. Lakini sheria hiyohiyo iliwapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa rumande kwa muda usiozidi saa 48, kwa masharti yaliyotajwa humo. Tunaona basi: hata pale ofisi ilipopunguziwa kazi, haikupungukiwa na nguvu.

Hatusemi haya kwa kuidharau ofisi hiyo. Wako wakuu wa wilaya wengi waadilifu, na yako mambo, kama usalama wakati wa maafa na njaa, ambayo yahitaji mkono wa taifa zima. Tunataka tu kuelewa siri ya maisha yake marefu. Kila aliyeshika nchi, awe mgeni au mwenyeji, alihitaji jicho na mkono wake wilayani. Boma lilidumu kwa sababu lilimfaa aliye juu, awe nani.

3. Nyumba iliyokufa na kufufuka

Historia ya Halmashauri ni nyingine. Mizizi yake imo katika mabaraza ya watawala wa jadi, na katika sheria ya mwaka 1953 iliyoruhusu mabaraza yenye wajumbe wa kuchaguliwa. Baada ya Uhuru madaraka ya machifu yalifutwa, zikawekwa halmashauri za wilaya. Hizo ndizo zilizoshughulikia shule za msingi, zahanati, visima na barabara za vijijini. Fedha zake zilitoka kwa wananchi wenyewe: kodi ya kichwa na ushuru wa mazao.

Kifo chake hakikuja siku moja. Mwaka 1969 Serikali Kuu ilizinyang'anya halmashauri za vijijini kodi ile, na katika kipindi hichohicho majukumu makubwa kama elimu ya msingi, afya na barabara yakahamishiwa Serikali Kuu. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Halmashauri isiyo na fedha wala kazi ilibaki jina. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, uliotayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani. Halmashauri za wilaya zikafutwa, na za miji zikafuata.

Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kuyasogeza madaraka karibu na wananchi. Lakini waliosogezwa walikuwa watumishi, wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, ambao kazi zao na mishahara yao vilitegemea makao makuu. Walikuja karibu kwa miguu, macho yakabaki Dar es Salaam. Mwananchi aliyekuwa na shida ya daraja hakuwa tena na diwani wa kumwuliza.

Matokeo yalionekana. Katika miji, taka zilirundikana, mitaro ikaziba, huduma za maji na usafi zikadhoofika. Na mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa kipindupindu ukawa tishio. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria za serikali za mitaa kwa wilaya na miji, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi upya. Zikaingizwa hata katika Katiba, ibara ya 145 na 146. Mwalimu Nyerere mwenyewe, kwa unyofu ambao viongozi wachache wanao, alikiri baadaye kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa kosa ambalo asingelirudia kama angeanza upya.

Wengi wetu hatukuwa na umri wa kuyaona hayo. Lakini wazee wapo katika jumuiya zetu. Tuwaulize.

4. Njia tatu za kudumu

Kutokana na historia hii twaweza kusema kwamba ofisi ya umma hudumu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya kinyonga: kubadili rangi. Ofisi hupewa jina jipya, mhuri mpya, na kauli mbiu mpya, lakini mwananchi aliyekuwa akisubiri kwenye benchi jana bado anasubiri leo.

Njia ya pili ni kumshika mwenye nacho. Ofisi hujua nani anailisha na nani aweza kuifuta, ikahakikisha kwamba huyo ndiye anayeridhika. Taarifa zake huandikwa kwa ajili yake. Ziara zake hupangwa kwa ajili yake. Hata takwimu hupendezeshwa kwa ajili yake.

Njia ya tatu ni kuwafaa watu kiasi kwamba ikikosekana wataumia na kudai irudi.

Njia ya kwanza na ya pili hazihitaji matunda. Mti waweza kudumu kwa majani tu. Ni njia ya tatu peke yake iliyo ya mtini unaozaa. Halmashauri zilikufa kwa kukosa mlezi aliye juu. Zilirudi kwa sababu pengo lake lilionekana chini. Hilo ni jambo la kutia moyo.

Lakini tusijidanganye. Aliyewahi kufa huogopa kufa tena, na halmashauri zilizofufuka zilijifunza kutazama juu. Tukumbuke kodi ya maendeleo. Watu wengi wazima hapa wanaikumbuka: mgambo walipita alfajiri, wanaume wakajificha porini, na wengine wakafungiwa kwa kukosa stakabadhi. Ilikuwa kodi ngumu kwa maskini, na namna ya kuikusanya mara nyingi ilidhalilisha utu. Ilipofutwa mwaka 2003 tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Hata hivyo, kuna jambo ambalo hatukuliona wakati ule. Kamba iliyotukaba sisi ndiyo iliyomfunga pia diwani kwetu. Aliyetoa kodi yake mkononi alikuwa na haki ya kuuliza imekwenda wapi, naye alijua hivyo. Kodi ilipoondoka, ruzuku kutoka Hazina ikaongezeka kuziba pengo, na macho ya halmashauri yakazidi kugeukia huko. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 hukatwa tunaponunua umeme. Ni rahisi, hakuna foleni, na hakuna mgambo. Lakini ni wangapi kati yetu, tunapoingiza namba za umeme, hukumbuka kwamba tumelipa kodi na kwamba tuna haki ya kuuliza?

Ndugu wapendwa, ofisi humtazama anayeilisha. Ikiwa sisi tunailisha bila kujua, nayo itatusahau bila kuona haya. Kwa hiyo na tuseme wazi: ruzuku si sadaka ya mtu yeyote. Tunaponunua sabuni au vocha ya simu, kodi imo ndani ya bei. Fedha ya Hazina imetoka katika mifuko yetu, ikapanda hadi juu, ikateremka tena. Ikiteremka tusiipigie magoti kana kwamba ni zawadi.

5. Kanisa nalo lijitazame

Si haki kuunyoshea kidole mtini wa jirani na kuusahau wa nyumbani. Kanisa nalo lina ofisi, nazo hubadilika na kudumu. Tume hii ya Haki na Amani ni mfano. Mwaka 1967 Papa Paulo wa Sita aliunda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani kama tunda la Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1988 ikawa Baraza la Kipapa. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliiunganisha na mabaraza mengine kuwa idara moja ya maendeleo fungamani ya binadamu. Jina limebadilika mara mbili. Swali la mwenye shamba ni lilelile: je, maskini anapata haki yake?

Na katika parokia zetu? Tunazo kamati ambazo kazi yao ilikwisha siku nyingi, lakini mwenyekiti bado ana kiti chake na katibu bado ana mhuri wake. Tunazo pia kamati za Haki na Amani ambazo huonekana mara moja kwa mwaka, kwenye picha ya ugeni wa Baba Askofu. Sisi mapadre hatuko nje ya lawama hiyo. Mara nyingi tumependa kamati inayotuitikia kuliko ile inayotuuliza. Tukitaka kuidai serikali ya kijiji taarifa ya mapato na matumizi, taarifa ya parokia nayo isomwe, na isomwe kwa sauti inayosikika.

6. Yethro na kanuni ya auni

Maandiko hayatuachi bila mwanga. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro alimkuta mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni, huku umati ukisubiri. Yethro hakumsifu kwa bidii yake. Alimwonya kwamba atajichosha yeye na watu pia, akamshauri achague watu waadilifu, wanaochukia rushwa, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Makubwa yamfikie Musa. Madogo yaamuliwe huko huko.

Hekima hiyo ndiyo ambayo mafundisho ya Kanisa juu ya jamii huiita kanuni ya auni. Papa Pius wa Kumi na Moja aliieleza katika waraka wake wa mwaka 1931, na Papa Yohane Paulo wa Pili akairudia mwaka 1991: ngazi ya juu isiinyang'anye ngazi ya chini kazi ambayo hiyo yaweza kuifanya yenyewe, bali iisaidie pale inapopungukiwa. Wazee wetu walilijua jambo hili bila waraka, waliposema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka.

Lakini tuangalie vema. Auni si zawadi inayoteremka yenyewe. Mwaka 1972 madaraka yalitangazwa kupelekwa mikoani na wananchi wakayakosa, kwa sababu hakuna aliyewajibika kwao. Madaraka hufika chini pale tu walioko chini wanapoyapokea kwa mikono yao.

7. Jembe na samadi

Basi, jembe letu liko wapi? Liko karibu kuliko tunavyodhani. Kwa sheria, kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Hakuteuliwa na mtu. Ni haki yake. Mkutano huo wapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na humo ndimo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Mtendaji wa kijiji ameajiriwa kutoka juu, lakini mwenyekiti na wajumbe wa halmashauri ya kijiji huchaguliwa nasi kila baada ya miaka mitano. Mijini ipo mikutano ya mitaa, na wenyeviti wake nao huchaguliwa. Uchaguzi wa karibuni ulikuwa wa Novemba 2024. Tuulizane kwa unyofu: ni wangapi kati yetu tuliohudhuria mkutano wowote tangu hapo?

Tumeshuhudia kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja. Taarifa ya mapato na matumizi haikuwa imesomwa kwa zaidi ya mwaka. Watu walinung'unika visimani na vilabuni, lakini mkutano ulipoitishwa walifika wachache, ukaahirishwa, na habari ikaishia hapo. Katekista mmoja na akina mama wachache wa WAWATA waliamua kwenda ofisini kuomba taarifa kwa adabu. Wakaambiwa waje kesho. Kesho wakaja, wakaambiwa mhusika amesafiri. Hawakugombana. Walirudi katika jumuiya zao, wakawaeleza majirani, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, Wakristo na Waislamu. Na mkutano uliofuata uwanja ulijaa. Taarifa ikasomwa. Ushuru wa mnada wa miezi kadhaa haukuwamo. Mwenyekiti aliulizwa, akatokwa na jasho, akaomba muda wa kufuatilia. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyekamatwa. Fedha yote haikupatikana. Tungedanganya tukisema imepatikana. Lakini robo mwaka iliyofuata karatasi ya mapato na matumizi ilikuwa imebandikwa ubaoni kabla ya mkutano, na ushuru wa mnada umeandikwa kwa tarehe.

Hiyo ndiyo samadi, ndugu zetu. Haina harufu nzuri, na anayeibeba huchafuka mikono. Lakini ofisi ile, ambayo jana ilikuwa imejifunza kudumu kwa kumtazama aliye juu, siku ile ilianza kujifunza kwamba maisha yake yategemea pia walioko chini. Haikubadilishwa jina. Haikupewa semina. Iliona watu.

Asiyekuwapo na lake halipo. Tusiseme siasa ni mchezo mchafu kisha tukaketi nyumbani kulinda usafi wetu. Kulinda fedha ya dawa za zahanati ni tendo la huruma sawa na kumtembelea mgonjwa. Wala tusiende kwa ugomvi au kwa kuvaa kofia ya chama. Twende kama watunza shamba: tuna subira ya mwaka mmoja, lakini tuna jembe mkononi.

Ofisi zitabaki. Sisi tutapita, na watoto wetu watazikuta. Mwenye shamba atakapokuja kutafuta matunda, asitukute tumekaa kivulini tukiyasifu majani. Bwana atujalie ujasiri wa kuuliza, upole katika kuuliza, na uvumilivu wa kuuliza tena.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kijiji au mtaa wetu, taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa lini mara ya mwisho? Nani kati yetu alikuwapo?

2. Tutaje ofisi moja ya umma tunayoitegemea. Je, inamtazama nani zaidi: aliye juu au sisi? Tunajuaje?

3. Wazee wa jumuiya watueleze: halmashauri zilipofutwa, nini kilipotea hapa kwetu, na ziliporudi nini kilirudi?

4. Katika parokia yetu, ni kamati ipi yahitaji kupaliliwa, na ipi imemaliza kazi yake na yapaswa kuagwa kwa shukrani?

5. Tuchague watu wawili watakaohudhuria mkutano ujao wa kijiji au mtaa na kutuletea habari. Tuandike majina yao leo, kabla ya sala ya kufunga.